Kuingiza umaliziaji wa nyumba mpya kwenye mkopo wa rehani: mwongozo kwa mnunuzi wa Tanzania

Nyumba mpya nyingi zinazouzwa Dar es Salaam, Dodoma au Arusha hukabidhiwa "zimekamilika" kwa maana ya muuzaji. Paa lipo, lipu imepigwa, milango na madirisha yamefungwa, sakafu ni ya saruji au marumaru za bei ya chini. Makabati ya jikoni, dari la jipsamu, tenki na mnara wake, pevingi, fensi na geti mara nyingi havimo. Mnunuzi anachukua rehani ya nyumba, anagundua hapakaliki, kisha anakwenda kuchukua mkopo wa mshahara kumalizia. Anabaki na makato mawili kwa nyumba moja.

Inawezekana umaliziaji ukaingia ndani ya rehani yenyewe, ila lazima uombwe mapema na kwa namna benki inavyoelewa. Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo, maana ndilo linalokwamisha watu wengi: benki haikopeshi ankara. Inakopesha kwa kuangalia thamani ya nyumba ikishakamilika, na inalipa kazi ambayo imekwisha kufanyika. Ukiwa na profoma za milioni 30 usidhani milioni 30 zitaingia kwenye akaunti yako siku ya kusaini.

Hatua ya 1: Gawa mahitaji mafungu matatu

Zunguka nyumba au ramani chumba kwa chumba, andika kila unachotaka, kisha kigawe.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyoamuliwa kabla ya lipu: soketi za ziada, njia za waya na mabomba ya kutolea maji ya viyoyozi, bomba la maji moto, njia ya kebo ya intaneti, bomba la kushusha maji kutoka tenki la juu. Jiko la umeme linataka laini yake peke yake ya waya wa 6 mm² na breka ya ampea 32. Hita ya shawa ya papo kwa papo nayo inataka laini yake, kwa kawaida waya wa 4 mm². Haya yote ni pesa ndogo ukuta ukiwa bado tofali. Lipu ikishapigwa, soketi moja inakuwa kazi ya kuchimba mfereji, kuziba, kusawazisha na kupaka rangi ukuta mzima, kwa sababu kiraka cha rangi huonekana daima. Kama nyumba bado inajengwa, fungu hili lishughulikie wiki hii hii, hata kabla mkopo haujapita.

Fungu la pili ni vitu vinavyofungwa kwenye jengo au kiwanja na kubaki nalo likiuzwa: marumaru, dari, makabati ya jikoni na kaunta yake, makabati ya nguo ya kujengea ukutani, vyoo na masinki, grili, tenki na mnara, fensi, geti, pevingi. Hili ndilo fungu la rehani.

Fungu la tatu ni vinavyohamishika: samani, mapazia, friji, jiko la kusimama, runinga. Viache nje. Mthamini (mtaalamu anayepima thamani ya nyumba kwa ajili ya benki) havihesabu, na hata benki ikikubali kuvibeba, utalipia sofa kwa miaka 15 wakati sofa lenyewe limeshatolewa. Viyoyozi vinakaa katikati. Baadhi ya wathamini huvihesabu vikiwa vimefungwa, wengine hapana. Ushauri wetu ni njia na mabomba yaingie kwenye rehani, mashine ununue kwa pesa yako moja moja, ukianza na chumba cha kulala.

Kwa anayenunua fleti kuna mpaka mwingine. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, unachomiliki peke yako ni sehemu yako. Kuta za nje, paa, ngazi na uwanja ni mali ya wote. Grili ya nje, kuziba kibaraza au kufunga tenki juu ya paa vinahitaji idhini ya umoja wa wamiliki, na benki haitalipia kazi usiyo na haki ya kuifanya.

Hatua ya 2: Pata vipimo, kisha bei

Makadirio ya fundi ya mdomo ("hapo milioni nne tu bosi") hayana kazi benki. Unahitaji mchanganuo wa gharama, yaani BOQ, uliotiwa saini na mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na AQRB, bodi ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Utamlipa ada, lakini karatasi hiyo hiyo itatumika na benki, na mthamini, na wewe mwenyewe siku fundi atakapodai nyongeza.

Hata ukiwa naye, jifunze kuhakiki vipimo. Chukua nyumba ya vyumba vitatu yenye sakafu ya mita za mraba 80. Marumaru: ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unapata 88. Boksi la marumaru za sentimita 60 kwa 60 lenye vipande 4 linafunika mita za mraba 1.44, kwa hiyo ni maboksi 62. Ongeza mawili ya akiba uyahifadhi stoo, kwa sababu baada ya miaka mitatu rangi ile ile hutaipata. Kabla ya kulipa, soma namba ya toleo pembeni mwa kila boksi. Matoleo mawili ya marumaru moja hutofautiana weupe, na tofauti haionekani dukani. Inaonekana zikishapangwa na jua la asubuhi likapita mlangoni. Gundi ni kama kilo 5 kwa mita ya mraba, hivyo kilo 400, mifuko 20 ya kilo 20.

Dari: ubao wa jipsamu wa mita 1.2 kwa 2.4 ni mita za mraba 2.88. Kwa dari la mita 80, pamoja na asilimia 10, ni mbao 31. Rangi: lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, juu ya ukuta uliosawazishwa. Kuta za mita 220 kwa mikono miwili ni lita 44, ndoo tatu za lita 20 na inabaki ya kurekebishia. Ukiona BOQ ina ndoo saba kwa nyumba hiyo, uliza.

Bafu ndilo linalopotosha hesabu kuliko chumba chochote, kwa kuwa watu hupima sakafu wakasahau kuta. Bafu la mita 2 kwa 1.8 lina sakafu ya mita za mraba 3.6 tu. Kuta zake hadi mita 2.4 juu, ukitoa mlango, ni kama 16.6, na ukiongeza asilimia 10 ni zaidi ya 18. Mabafu mawili ya namna hiyo yana marumaru nyingi kuliko sebule.

Bei za vifaa vya umaliziaji hufuata dola, kwa kuwa vingi vinatoka nje. Profoma nyingi zina uhai wa siku 14 mpaka 30, na mkopo wa nyumba hauishi ndani ya siku hizo. Weka asilimia 10 ya dharura kama mstari wake kwenye BOQ. Pia soma kama bei ni pamoja na VAT au bila: kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na kwenye milioni 20 hiyo ni milioni 3.6 inayoweza kukutokea mwishoni.

Hatua ya 3: Malizana na muuzaji kuhusu tofauti, kwa maandishi

Ukinunua kwa mwendelezaji, iwe ni Shirika la Nyumba la Taifa au kampuni binafsi, bei yake tayari ina kitu cha kawaida ndani yake. Ukitaka kitu bora zaidi, unapaswa kulipa tofauti, si bei nzima. Tuseme mkataba una marumaru za shilingi 15,000 kwa mita ya mraba, nawe unataka za 35,000. Kwa mita 80 nyongeza halali ni milioni 1.6. Ukiletewa ankara ya milioni 2.8, umelipishwa marumaru ambazo hazitafungwa. Ufundi nao umo kwenye bei ya nyumba, usilipe mara ya pili, isipokuwa umechagua vipande vikubwa sana au mpangilio wa mshazari unaoongeza kazi kweli.

Makubaliano yaandikwe kama nyongeza ya mkataba wa mauziano: kifaa gani, ukubwa, kiasi, bei, tarehe ya kumaliza, na nani anawajibika kikiharibika. Nyongeza isainiwe na wale wale waliosaini mkataba. Kumpa msimamizi wa saiti pesa taslimu ili "akurekebishie" ni kosa la gharama kubwa. Kazi hiyo haipo kwenye mkataba, haina dhamana, mthamini hana karatasi ya kuithibitisha, na benki haiwezi kuilipia.

Uliza pia kama unaweza kukataa kitu kabisa na kurudishiwa pesa yake, mfano makabati ya jikoni. Mara nyingi pesa inayorudi ni ndogo kuliko bei ya sokoni, kwa hiyo linganisha kwanza.

Hatua ya 4: Mthamini, na pengo ambalo halisemwi

Hapa ndipo mpango mzima unapopona au kufa. Benki itamtuma mthamini aliyesajiliwa, na utamlipa wewe. Hakikisha anapewa BOQ na michoro na anaombwa kutoa thamani mbili: ya nyumba ilivyo leo, na ya nyumba ikishakamilika kwa umaliziaji huo. Asipoombwa hiyo ya pili, ataandika ya leo tu, na umaliziaji wako hauna pa kusimama.

Tazama hesabu. Nyumba milioni 120, umaliziaji milioni 30, jumla ya gharama milioni 150. Benki inakopesha asilimia 80. Wengi hupiga hesabu mbiombio: asilimia 80 ya 150 ni milioni 120, basi nitoe 30 mfukoni. Mthamini anarudi na thamani ya milioni 140 baada ya kukamilika, kwa sababu granaiti ya milioni 6 haikuongeza milioni 6 kwa nyumba ya mtaa ule. Benki inachukua kilicho kidogo kati ya gharama na thamani. Asilimia 80 ya 140 ni milioni 112. Mfukoni sasa unatakiwa milioni 38. Hizo 8 hazikuwepo kwenye mpango.

Na kuna benki zinazopimia kwa thamani ya mauzo ya haraka badala ya thamani ya soko. Ni bei ambayo nyumba ingepata ikiuzwa kwa kukimbizwa, na huwa chini kwa kiasi kikubwa. Uliza mapema: "Asilimia yenu ni ya thamani ipi?" Swali hilo moja linaweza kubadili benki utakayochagua.

Kwa uzoefu wa soko letu, vinavyorudisha thamani vizuri ni fensi na geti, maji ya uhakika, marumaru, dari, makabati ya jikoni ya kawaida na mabafu yanayofanya kazi. Visivyorudisha ni mapambo ya dari ya ngazi tatu, taa za bei kubwa, rangi maalum na vifaa vya bafu vya kifahari kwenye mtaa wa nyumba za kawaida. Hatusemi usiviweke, ni nyumba yako. Tunasema vilipe kwa pesa yako, usitegemee rehani ivibebe.

Hatua ya 5: Peleka ombi

Ombi liwe moja, la nyumba pamoja na umaliziaji. Utatakiwa mkataba wa mauziano na nyongeza yake, BOQ, ripoti ya mthamini, kibali cha ujenzi, nakala ya hati, uthibitisho wa kipato na taarifa za benki. Hati ya kumiliki ardhi hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Angalia miaka iliyobaki, maana mkopo lazima uishe hati ikiwa hai.

Kama umeoa au umeolewa, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza kwa rehani ya nyumba ya ndoa. Mfikishe mwenza wako kwenye mazungumzo tangu orodha ya kwanza. Kumpelekea karatasi ya kusaini siku ya mwisho kumechelewesha mikopo mingi, na ana haki ya kukataa.

Mfanyakazi wa mshahara akumbuke theluthi: baada ya makato yote, isibaki chini ya theluthi moja ya mshahara. Mkopo wa pikipiki au wa chama cha akiba ulioubakiza kidogo unaweza kukuangusha hapa. Ulipe uishe kabla ya kuomba.

Kabla ya kusaini barua ya ofa, pata majibu ya maandishi kwa haya:

- Riba ni ya salio linalopungua (inayohesabiwa kwenye deni lililobaki tu), na ni ya kudumu au inabadilika?
- Pesa ya umaliziaji inatolewa kwa awamu ngapi, na kila ukaguzi unalipiwa kiasi gani?
- Riba inaanza kuhesabika kwenye pesa iliyotoka tu, au kwenye mkopo wote?
- Pesa isiyotumika ikibaki, inapunguza deni au inapotea kwa ada?
- Naweza kulipa zaidi ya rejesho la mwezi bila faini?

Kwa anayetumia benki ya Kiislamu kwa mfumo wa murabaha, mambo ni tofauti kidogo. Benki inanunua na kukuuzia kwa bei yenye faida iliyofungwa siku ya mkataba, na bei hiyo haiongezwi baadaye. Umaliziaji uwe ndani ya kinachonunuliwa tangu mwanzo, la sivyo utahitaji mkataba mwingine kabisa.

Hatua ya 6: Chagua muda, usiangalie rejesho la mwezi peke yake

Sifa inayotajwa sana ya kuingiza umaliziaji kwenye rehani ni rejesho dogo. Ni kweli, na ndiyo hatari yake. Chukua milioni 30 kwa riba ya asilimia 15 ya salio linalopungua:

- Miaka 15: rejesho kama 420,000 kwa mwezi, riba yote kama milioni 45.6.
- Miaka 10: rejesho kama 484,000, riba kama milioni 28.1.
- Miaka 5: rejesho kama 714,000, riba kama milioni 12.8.

Angalia mstari wa kwanza na wa pili. Ukiongeza 64,000 tu kwa mwezi, unaokoa zaidi ya milioni 17. Sasa linganisha na mkopo wa mshahara wa asilimia 17 kwa miaka 5: rejesho kama 746,000, riba kama milioni 14.7. Riba yake iko juu, lakini kwa jumla unalipa chini ya theluthi moja ya riba ya rehani ya miaka 15. Muda ndio unaokula.

Kwa hiyo njia bora kwa wengi ni hii: weka umaliziaji kwenye rehani, saini muda mrefu ili mwezi mbaya usikubane, kisha lipa zaidi kila mwezi unapoweza. Ukiongeza 294,000 juu ya lile rejesho la 420,000, sehemu hiyo inaisha ndani ya miaka 5. Inafanya kazi ikiwa tu benki imekubali kwa maandishi kwamba malipo ya ziada yanapunguza salio papo hapo bila faini. Ikikataa, omba umaliziaji ufunguliwe kama akaunti ndogo ya mkopo yenye muda wake mfupi chini ya rehani ile ile.

Jihadhari na riba ya mkupuo, ile inayohesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, inayotajwa kwa namba ndogo. Milioni 30 kwa asilimia 10 ya mkupuo kwa miaka 5 ni rejesho la 750,000, yaani ni ghali kuliko ile ya asilimia 17 ya salio linalopungua.

Hatua ya 7: Panga awamu na pesa ya kuanzia

Benki hutoa pesa baada ya mkaguzi kuthibitisha kazi. Maana yake awamu ya kwanza unaibeba wewe. Kama ni milioni 9, lazima uwe nazo, na zitarudi baada ya ukaguzi, mara nyingi wiki kadhaa baadaye. Asiyejua hili huanza na marumaru, pesa zinakata katikati, fundi anahamia saiti nyingine, na mkaguzi akija anakuta kazi nusu, hivyo halipi. Kazi inasimama benki na saiti kwa pamoja.

Pigania awamu ndogo zaidi, nne au tano badala ya tatu, hata kama kila ukaguzi una ada. Na zipange kwa kazi zinazoonekana na kumalizika, sio kwa asilimia. "Dari na puti vyumba vyote" ni awamu nzuri. "Asilimia 40 ya kazi" italeta mabishano.

Makabati yana tatizo lake. Mtengenezaji anataka malipo ya awali makubwa kabla ya kukata ubao, benki inataka kuyaona yamefungwa. Njia tatu: ulipe awali mwenyewe, utafute mtengenezaji atakayekubali barua ya benki ya kuahidi malipo, au uyaweke awamu ya mwisho baada ya pesa za awamu zilizotangulia kukurudia. Ya tatu ndiyo tunayoipendelea, na ina faida nyingine: makabati yapimwe baada ya marumaru kufungwa, kamwe si kabla. Marumaru na gundi yake hula kama sentimita 1.5 kila upande. Nafasi iliyokuwa sentimita 240 ukutani mtupu inabaki 237, na kabati lililokatwa kwa 240 halitaingia. Fundi atalipunguza hapo hapo kwa msumeno, na ubao uliokatwa bila kuzibwa ukingo utavimba kwa maji ya sinki ndani ya mwaka. Eneo la sinki omba ubao unaostahimili unyevu.

Wakati wa awamu utalipa riba ya kilichotoka: kwa asilimia 15, milioni 9 ni 112,500 kwa mwezi, milioni 18 ni 225,000, milioni 30 ni 375,000. Bado unalipa kodi ya unakoishi. Weka miezi minne ya vyote viwili kando.

Hatua ya 8: Kagua kabla benki haijakagua

Mkaguzi wa benki anathibitisha kuwa kazi ipo. Hathibitishi kuwa itadumu. Hilo ni lako, na pa kuanzia ni bafu.

Kabla ya marumaru, sakafu ya bafu na kuta zake hadi juu ya shawa zipakwe dawa ya kuzuia maji mikono miwili, mkono wa pili ukikatisha wa kwanza, na kona zote ziwekewe utepe wa kitambaa. Ikikauka, ziba tundu la maji, jaza maji kina cha sentimita 3 mpaka 5, weka alama ukutani kwa penseli na uache saa 24. Maji yakishuka chini ya alama, au unyevu ukitokea upande wa pili wa ukuta, rudia kazi. Kupaka upya hapo ni ndoo moja ya dawa. Marumaru zikishafungwa ni kubomoa bafu zima. Kisha mteremko: sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Mwaga ndoo ya maji baada ya kumaliza. Yakisimama kona, kuongeza grauti (ya kujazia kati ya marumaru) hakutaponya.

Kosa la pili ni haraka ya rangi. Lipu mpya inahitaji kama siku 28 kukauka, zaidi wakati wa masika. Ukipaka puti na rangi mapema kwa sababu benki imekupa tarehe, baada ya miezi rangi inatoa malengelenge na unga mweupe. Pima hivi: bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, uache usiku kucha. Ukikuta matone ndani, subiri. Tarehe za awamu ziombwe kwa kuhesabu ukavu huu, ndiyo maana fensi na mnara wa tenki ni kazi nzuri ya awamu ya kwanza: zinaendelea huku kuta zikikauka.

Gonga marumaru moja moja kwa sarafu. Sauti tupu maana yake gundi haikufika chini, na itapasuka ukiweka mguu wa kabati. Zikizidi chache kwa chumba, fundi azitoe.

Hatua ya 9: Fundi na risiti

Mkataba wa fundi au mkandarasi ushikilie asilimia 5 ya malipo kwa miezi 6 baada ya makabidhiano, ili arudi kurekebisha. Vifaa nunua wewe na udai risiti ya EFD kila mara. Benki huikubali, na ukija kuuza nyumba una ushahidi wa ulichowekeza. Mkopo ukikamilika kutoka, dai taarifa inayoonyesha kila awamu, tarehe yake na salio, uilinganishe na BOQ mstari kwa mstari. Pesa ya dharura isiyotumika iagize kwa barua ipunguze salio la deni, sio ikae kwenye akaunti.

Piga picha za kuta zote kabla ya lipu, kila moja ikiwa na futi kamba iliyonyooshwa kutoka kona, uzihifadhi pamoja na hati. Siku utakapotoboa ukuta kutundika kabati la jikoni, picha hiyo itakuonyesha waya wa 6 mm² umepita wapi.

Kama nyumba imeshanunuliwa

Rehani ikiwa tayari inaendelea, omba nyongeza juu ya rehani hiyo. Mthamini atapima upya, na kiasi utakachopata ni asilimia ya thamani mpya ukitoa salio la sasa. Mwaka wa kwanza salio halijapungua sana, kwa hiyo nafasi ni finyu. Inapanuka ukishalipa miaka kadhaa, au ukishamaliza fensi na maji kwa pesa yako kabla mthamini hajaja. Ndiyo sababu, ukiwa na milioni 8 mkononi na orodha ya milioni 20, anza na fensi, geti na tenki. Makabati yafuate.